5D ya mtumba au R50 ya boksi?

Wadogo zangu, msimu wa harusi ukikaribia, maswali yenu huja na sura nyingi, kiini kimoja. Una mtaji wa kamera moja tu. Umeshazunguka Kariakoo, au Luthuli kwa ninyi wa Nairobi, na mezani kwa muuzaji zimebaki mbili ambazo bei zake zimesogeleana: Canon 5D Mark III iliyotumika, na Canon R50 mpya ambayo nailoni yake haijachanwa. Unataka dada akuambie beba hii. Nitakuambia, lakini kwanza unijibu: utapiga nini, saa ngapi, na nani analipa?

5D Mark III ilitoka mwaka 2012, na bodi peke yake, bila lenzi, iliuzwa Marekani karibu dola 3,500. R50 ilitoka 2023, na bodi yake haikufika dola 700. Hapo ndipo roho za wengi zinapochukuliwa. Kitu ambacho zamani ungekiona tu begani kwa wapiga picha wa magazeti, leo kinakuita kwa hela ya kamera ya wanaoanza. Tamaa yako naielewa. Wala si tamaa mbaya, mradi ujue unanunua nini.

Ndani ya 5D kuna sensa ya milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa fremu ya filamu ya zamani. Ya R50 ni kama milimita 22 kwa 15. Kwa eneo, ya kwanza inaizidi ya pili zaidi ya mara mbili na nusu. Megapikseli karibu ziko sawa, 22 kwa 24, kwa hiyo muuzaji akianza kukuhubiria megapikseli mwache amalize, kisha muulize habari za lenzi. Ukubwa wa sensa utauona kwenye mambo mawili. Kwanza, usiku: sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi zaidi, na chenga hazivamii picha mapema. Pili, nafasi: lenzi ya milimita 50 kwenye 5D inakupa maharusi na meza yao, lakini ukiivalisha R50 kwa adapta, picha inabana kana kwamba umeweka lenzi ya 80. Kwenye ukumbi mdogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse spika za DJ.

Ila miaka 11 si kidogo, na sensa za leo zimejifunza mengi. Fikiria bwana harusi mwenye suti nyeusi amesimama na bibi harusi mwenye shela jeupe, saa saba mchana. Ukipima mwanga kwa ajili ya shela, suti na nyuso zinaingia gizani. Halafu unarudi nyumbani, unafungua kompyuta, unajaribu kuliinua lile giza. 5D Mark III hapo inakusaliti: ukiinua sana, inaleta chenga zenye mistari. Faili la R50 linavumilia zaidi. Sisi ambao ngozi zetu ni nyeusi na sherehe zetu ni nyeupe tupu, jambo hili si la kupuuza. Mwenye 5D anatakiwa apime mwanga sawasawa palepale.

Nimewauliza mnapiga saa ngapi kwa sababu hii. R50 mara nyingi inauzwa na lenzi yake ndogo ya 18-45, ambayo ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/6.3. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ile nyepesi ambayo hata ya mtumba inapatikana, inaingiza mwanga kama mara 12 ya huo. Mara kumi na mbili, mdogo wangu! Ndiyo maana mtu anaweza kununua kamera mpya kabisa, akaenda nayo kwenye sendofu saa nne usiku, taa za zambarau zinazunguka, akarudi na picha zenye ukungu na nyuso za udongo, kisha akaitukana kamera. Kosa ni la lenzi, na bei ya dawa yake ni ndogo kuliko bei ya bodi.

Kwenye fokasi mdogo anamshinda mkubwa. 5D ina pointi 61, nyingi kwa zama zake, ila zimekusanyika kuelekea katikati, na wewe ndiye unayechagua ipi itumike. R50 inalitafuta jicho la mtu yenyewe, karibu fremu nzima, na inalifuata likihama. Maharusi wetu hawaingii ukumbini kwa kutembea; wanaingia wakicheza, na kamati nzima nyuma yao. Ukiwa na 5D utahitaji mazoezi ya kweli ndipo uwakamate. Ukiwa na R50, mtu aliyeanza mwezi uliopita anawakamata.

Video usiniulize mara mbili. 5D inarekodi HD ya kawaida tu, inakata kabla ya dakika 30, na ukiwa unarekodi haimfuati mtu anayesogea. Fokasi unaizungusha kwa mkono. Kaka yake, 5D Mark II ya mwaka 2008, ilitumika kurekodi kipindi cha kufunga msimu wa sita wa tamthilia ya House ya Marekani, mwaka 2010. Kweli kabisa. Lakini pale kulikuwa na mtu mwenye kazi ya kuzungusha fokasi tu, na wengine wa taa, na wengine wa sauti. Wewe uko peke yako na begi begani. R50 inarekodi 4K, kioo chake kinageuka ukajiona, inakubali kurekodi kwa wima, na picha zinaruka hadi kwenye simu bila waya. 5D haina Wi-Fi. Mteja anayetaka picha moja ya haraka ya kuweka kwenye WhatsApp kabla keki haijakatwa, atakusubiri mpaka uifikie kompyuta.

Sasa niitetee 5D, maana naona nimeichapa. Ina nafasi mbili za kadi, moja ya CF na moja ya SD, na unaweza kuiamuru iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili. R50 ina nafasi moja. Kiapo cha ndoa hakirudiwi kwa sababu kadi yako imekufa, na mzee aliyelipa mahari hataki kusikia habari za kadi. (Upande wa SD wa 5D ni mzito, kwa hiyo usiifyatulishe mfululizo kama bunduki ukaishangaa inaposita.) Betri yake kwa vipimo vya kiwandani inafika picha 950 hivi, ya R50 haifiki hata nusu, kwa hiyo wa R50 anunue betri ya akiba siku hiyohiyo. Bodi ya 5D ni ya magnesi na imezibwa vumbi na manyunyu. Ni nzito lakini: gramu 950 na betri yake, na R50 ni gramu 375. Kuanzia kupamba bibi harusi mpaka wageni kuaga, bega litakuambia.

Na uzito huohuo una faida ambayo haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha kamera. Wateja wetu wanaipima kazi kwa ukubwa wa mashine. Ukiingia na R50, shangazi wa bibi harusi atamuuliza mwenyekiti wa kamati kama mpiga picha bado yuko njiani. Ni upuuzi, lakini ndiyo upuuzi unaolipa.

Kabla sijatoa hukumu, kuna mtego wa kamera ya tatu. Muuzaji akiona unasitasita atakuletea Canon 2000D au 4000D, mpya, kwa bei ya chini zaidi, na begi la bure. Hizi zilitoka 2018, ila ndani mna teknolojia ya zamani. Zote mbili zina pointi 9 tu za fokasi, chache kuliko za 5D iliyozitangulia kwa miaka sita. Pale juu panapokaa flashi, Canon waliondoa ile pini ya katikati, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu hazitawaka. 4000D hata mdomo wa kufungia lenzi ni wa plastiki. Kwa kujifunzia shuleni sawa. Kwa kazi ya kulipwa usiku, hapana.

Ukielekea kwenye ya mtumba, kuwa na jicho kali. Shata ya 5D Mark III imekadiriwa mibofyo 150,000, na kama kilomita za gari, hesabu hiyo ndiyo umri wake wa kweli. Nikon huiandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha. Canon nyingi haziandiki, inabidi kuiunganisha kamera na kompyuta yenye programu ya kuisoma. Muuzaji anaweza kukufungulia ukurasa wa betri kwenye menyu akakuonyesha mibofyo 300 na kukuapia haijatumika. Usidanganyike. Hiyo ni idadi ya picha tangu betri ilipochajiwa mara ya mwisho, na ukichaji inarudi sifuri.

Nenda na kadi zako. Piga karatasi nyeupe kwa f/22 uangalie madoa ya vumbi. Chungulia pini za nafasi ya CF, maana zikipinda ni msiba. Valisha flashi, ifyatue. Lenzi imulike kwa tochi kutoka nyuma. Sisi wa Dar, Mombasa na Zanzibar tunaishi na unyevu, na kuvu ndani ya kioo huonekana kama nyuzi za buibui. Ukiiona, rudisha mezani, hata akushushie vipi. Namba iliyo chini ya bodi ilingane na ile inayosomeka ndani ya faili la picha, na risiti uipate.

Haya, jibu. Kama unalipwa kwa picha mnato, sherehe zako ni za usiku, na shata imepimwa mbele yako ikaonekana haijavuka nusu ya umri wake, beba 5D Mark III, na ubakize hela ya lenzi ya 50 na flashi moja. Hela ikitosha bodi tu, usinunue. Kama kazi yako ni video, mitandao, bidhaa za dukani kwa mtu, au unafanya picha na video peke yako bila msaidizi, beba R50, na usiridhike na lenzi iliyokuja nayo. Na kama bado huna mteja hata mmoja, usinunue chochote mwezi huu: kodi kamera hizi mbili kwa wikendi moja, nenda nazo kwenye sherehe ya ndugu, kisha uniandikie. Picha uniletee ile ya saa nne usiku. Ya bustanini mchana kila kamera inaiweza.