Jinsi ya Kupunguza Muda wa Mzunguko katika Mchezo wa Magari

Wakati wa likizo wanafunzi wengi hupenda kucheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari la mashindano. Wazazi wengine hawaupendi mchezo huu, nao wana sababu, maana mtoto huweza kukaa mbele ya kioo tangu asubuhi hata jioni, kisha akaondoka akiwa dereva yule yule aliyeketi. Na kama hucheza kwa kulipa, hasara ni kubwa zaidi. Basi nataka kuonyesha hapa kwamba kupunguza muda wa mzunguko ni somo lenye hesabu yake na fizikia yake, na kwamba mwenye kulifuata hupata faida kubwa katika mizunguko ishirini kuliko mwenziwe anayezunguka mia bila kufikiri.

Michezo ya namna hii si ya kubahatisha. Gran Turismo, uliotolewa kwanza nchini Japani mwaka 1997, na Assetto Corsa, uliotengenezwa na Waitaliano wa Kunos Simulazioni na kutolewa kamili mwaka 2014, yote miwili hupiga hesabu ya uzito wa gari na mshiko wa tairi kila kitambo kidogo. Mhispania Lucas Ordóñez alishinda mashindano ya Gran Turismo mwaka 2008, akapelekwa kufundishwa gari la kweli, na mwaka 2011 yeye na wenzake walishika nafasi ya pili katika daraja la LMP2 kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Sisemi kwamba kila mchezaji atafika huko.

Tuchukue mfano wa uwanja mmoja uliomo katika michezo yote miwili, nao ni Monza, karibu na Milan, Italia. Ulijengwa mwaka 1922, na mzunguko wake ni mita 5,793. Mgeni akiutazama katika ramani huona njia ndefu zilizonyoka na kona chache, akadhani kwamba kazi ni kukanyaga mafuta tu. Kwa hiyo hufika mwisho wa njia ndefu kwa kasi kubwa, huchelewa kufunga breki kwa kuonyesha ushujaa, gari hukataa kukata kona, naye hutoka upande wa pili akiwa karibu amesimama. Huona amekwenda kwa haraka sana, kwa sababu moyo wake ulikuwa ukimdunda. Saa haipimi moyo.

Sasa tuitazame kona yenyewe. Kila kona ni sehemu ya duara. Kwa gari lisilo na mabawa ya kulikandamiza chini, likiwa juu ya lami kavu, tunaweza kukadiria kwamba kasi ikizidishwa kwa kasi haipiti mara kumi ya nusu kipenyo cha duara hilo, tukipima kwa mita na sekunde. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 40 litaruhusu mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Duara la mita 90 litaruhusu mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Wanafunzi wa fizikia na wahakikishe wenyewe. Hii ndiyo sababu dereva huingia kona akiwa ukingo wa nje, hugusa ukingo wa ndani, kisha huliacha gari litoke tena mpaka ukingo wa nje. Kwa kutumia upana wote wa barabara amelipanua duara lake. Si kila kona yaweza kupanuliwa kiasi cha mfano wetu, lakini hata mita chache zina faida.

Tena mshiko wa tairi ni kama shilingi mfukoni: uliyokwisha kuinunulia breki huwezi kuinunulia usukani. Ukifunga breki kwa nguvu zote, funga gari likiwa limenyooka. Kadiri unavyozidi kukata usukani, achia breki polepole. Na unapotoka, kadiri usukani unavyorudi katikati ndivyo mguu unavyozidi kukanyaga mafuta.

Hapa ndipo penye utajiri wa Monza. Kona ya mwisho, ambayo watu wameizoea kwa jina la Parabolica, na ambayo mwaka 2021 ilipewa jina la dereva Michele Alboreto, yapinda kulia, ni ndefu, na hufunguka kadiri unavyoendelea. Baada yake ndiyo njia kuu iliyonyoka, yenye urefu wa kilomita moja na zaidi kidogo. Tuseme dereva mmoja apita mita 1,000 za njia hiyo kwa wastani wa mita 65 kwa sekunde, na mwenziwe kwa mita 66, kwa kuwa alitangulia kidogo kukanyaga mafuta katika kona. Wa kwanza atatumia sekunde 15.38, wa pili sekunde 15.15. Tofauti ni karibu robo ya sekunde, na wa pili hakuhitaji ushujaa wowote katika njia hiyo. Kumbukeni pia kwamba mstari wa saa umo katika njia hiyo hiyo. Basi anayeharibu Parabolica huharibu mzunguko anaoumaliza na ule anaouanza.

Kwa mazoezi, chukua gari moja la kasi ya kadiri, usilibadili wala usiguse mitambo yake. Endesha mizunguko mitano safi bila kutoka nje ya barabara, hata kama ni ya polepole, kisha andika muda wake katika daftari. Halafu chagua kona moja tu, utafute alama isiyosogea kando ya njia, kama kibao cha umbali, uwe unafunga breki hapo hapo kila mara. Ule mstari wa rangi unaochorwa barabarani na mchezo mimi siupendi: humzoeza mtu kutazama pua ya gari, na macho yanatakiwa yatangulie kule aendako. Utumie siku ya kwanza, kisha uuzime. Bali gari la kivuli, linalorudia mzunguko wako bora, ni mwalimu mzuri. Likikupita katikati ya njia iliyonyoka, kosa limo katika kona iliyotangulia.

Mwenye kutumia vitufe vya kompyuta badala ya usukani hawezi kukanyaga nusu. Na agonge kitufe cha mafuta mara nyingi kwa vipindi vifupi mpaka gari linyooke, na cha breki vivyo hivyo.