Mpishi Naye Aone Filamu

Ukialika marafiki nyumbani kutazama filamu iliyotokana na kitabu, hakikisha anayepika anaiona filamu hiyo mwanzo hadi mwisho. Nimekaa kwenye sebule nyingi ambako mwenyeji yuko jikoni anageuza sambusa huku sisi wengine roho juu, na kila akipita na sinia anauliza, "Huyu nani tena? Si walikuwa wamemfunga?" Si haki kumfanyia hivyo. Mara nyingi ni yeye aliyekisoma kitabu kwa makini kuliko sote, na filamu ikiisha ni yeye tunayetaka kumsikia.

Ndiyo maana mimi nikipanga chakula cha jioni kama hiyo, sianzi kwa kujiuliza wageni wanapenda nini. Najiuliza ni chakula gani kinaweza kuwa tayari kabla taa hazijazimwa, kikasubiri saa mbili bila kuharibika, kisha kikarudi mezani kikiwa na ladha ile ile. Wali wa nazi unaweza kusubiri. Pilau ndiyo kabisa, hata huongezeka utamu. Chipsi za viazi na samaki wa kukaanga waache kwa siku nyingine.

Nitaeleza kwa kirefu jioni ninayoipenda kuliko zote, ile ya *Vuta N'kuvute*.

Wengi wetu tulikutana na riwaya hii ya Shafi Adam Shafi darasani, tukaisoma kwa ajili ya mtihani, tukapigia mistari dhamira na wahusika, tukaifunga. Ilichapishwa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota, na inaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali sana. Anamtoroka, ndugu zake wanamfungia mlango, anapokelewa na shoga yake Mwajuma, mpenzi wa taarab. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyejitosa kwenye harakati za kudai uhuru. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea filamu kwa jina hilo hilo, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo za Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Ni filamu ya Kiswahili, ya Unguja, na haizidi sana saa moja na nusu. Kwa jioni ya marafiki sijaona iliyo bora zaidi.

Chakula chake ni urojo. Kwanza, ni chakula cha mji huo huo. Ukishuka Forodhani jioni utawakuta watu wamesimama na mabakuli yao. Pili, ndani ya bakuli moja kuna bhajia, kachori na chatne zilizokuja na Wahindi, kuna muhogo na nazi za pwani, kuna embe mbichi ya uani, na hakuna anayeuliza kipi ni cha nani. Hadithi ya Yasmin na Mwajuma inahusu hilo hilo: nani anaruhusiwa kula na nani, kulala nyumba moja na nani, kumpenda nani. Tatu, na hili ndilo la kipishi, karibu kila kitu kinachoingia kwenye urojo kinaweza kuandaliwa mapema. Bhajia iliyopoa ikitumbukizwa kwenye rojo la moto inapata uhai upya.

Kwa watu wanane mimi hutumia embe mbichi tatu za wastani, lita mbili na nusu za maji, kikombe kimoja cha chai cha unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha manjano, ndimu mbili na chumvi. Msimu wa embe ukiwa umepita, ukwaju uliolowekwa na kuchujwa unafanya kazi hiyo vizuri. Pembeni kuna viazi mbatata kilo moja na nusu, dengu za kupaaza nusu kilo, mayai manane, nazi moja na muhogo wa kukaanga kachiri.

Dengu ziloweke usiku wa kuamkia siku yenyewe. Asubuhi zisage na maji kidogo mno, zibaki nzito zenye chengachenga, kisha changanya kitunguu maji, kotmiri, pilipili mbichi na chumvi. Viazi vichemshe vyote pamoja. Nusu vikate vipande vya kutia bakulini. Nusu viponde na kitunguu saumu, ndimu na pilipili, vifinyange viduara, uvichovye kwenye unga wa dengu uliokorogwa na manjano kidogo, ukaange. Hizo ndizo kachori. Ukishamaliza kachori, mafuta hayo hayo yakaange bhajia, na mwisho kachiri za muhogo. Fuata mpangilio huo, kwa sababu bhajia huacha chengachenga zinazoungua na kuchafua mafuta, na kachori hazipendi mafuta machafu. Kachiri zikipoa, zifunge kwenye chombo kisichoingiza hewa.

Chatne ya nazi haina kazi: nazi iliyokunwa, pilipili, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, vyote kwenye blenda na maji ya kulainisha tu. Chatne ya pilipili iweke kwenye kibakuli chake na uwaonye wageni.

Sasa rojo lenyewe, na hapa usiwe na haraka. Menya embe, zikate, zichemshe kwenye lita mbili za maji mpaka zilainike kabisa, kisha zisage na uchuje. Rudisha jikoni. Unga ukoroge pembeni na maji baridi yale yaliyobaki, pamoja na manjano, mpaka pasiwe na donge hata moja, ndipo uumimine kidogo kidogo huku mkono wa pili haupumziki kukoroga. Mwanzoni litakuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano, na ukilionja utasikia unga mbichi ukikwaruza ulimi. Acha lichemke kwa moto mdogo, kama robo saa, ukikoroga kila mara hadi chini ya sufuria. Rangi itakolea, juu patang'aa, na harufu ya unga itatoweka ikabaki ya embe. Chota kwa upawa umimine kutoka juu: likitiririka kwa uzito wa uji mwepesi bila kukatika, limeiva. Chumvi tia sasa. Ndimu usiitie mpaka wakati wa kula. Likisubiri litazidi kuwa zito, basi weka birika la maji ya moto karibu.

Mishkaki siichomi mwenyewe. Namwagiza kijana anayechoma pale mtaani, naye anajua saa ya kuniletea. Moto wa mkaa unataka mtu wa kukaa nao, na mimi nataka kukaa na Denge.

Wageni wangu wanafika baada ya sala ya magharibi. Kuna chai ya tangawizi na kachiri za muhogo, na hizo ndizo pekee zinazoingia sebuleni wakati filamu inaendelea, pamoja na karanga. Urojo haunywewi gizani. Utamwagika mkekani, na pia ni chakula cha kutazama, mtu achague mwenyewe bhajia ngapi na chatne kiasi gani. Kompyuta iwe imejaa chaji, na spika ya pembeni pia, kwa kuwa umeme hauna miadi na mtu. Filamu yenyewe itafute kwa njia halali. Waliofanya kazi hii ni watu wetu, na kazi inayofuata inategemea malipo ya hii.

Mwezi mmoja kabla natangaza kitabu. Si lazima kila mtu anunue: nakala moja ikizunguka watu watatu inatosha, alimradi kila mmoja apewe wiki yake na asiikalie. Asiyewahi kusoma naye aje. Tena namhitaji, maana yeye ndiye atakayetuambia kama filamu inasimama kwa miguu yake au inawategemea waliosoma kuijaza mapengo.

Tuliosoma tuna sharti moja. Filamu ikiendelea, hakuna kusema kwenye kitabu haikuwa hivi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, anapata tabu sana na sharti hilo. Unamsikia anavuta pumzi, anaanza, "Lakini jamani, kwenye..." na sauti kutoka gizani inamjibu, "Dada, subiri urojo." Basi anasubiri. Na kwa kuwa amesubiri, anayoyasema baadaye yamepikika.

Urojo ukishafika ndipo tunafungua. Swali ambalo limenifaa kuliko lolote ni hili: filamu imetuonyesha nini ambacho kitabu hakikuweza? Ukianza na kilichokatwa, mtatoa orodha mpaka usiku wa manane na kila mtu ataondoka amenuna. Riwaya ya Shafi ni ndefu, ina safari, inamfuata Yasmin hadi Mombasa. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba yote hayo, na Shivji ameweka uzito kwa Yasmin na Denge. Mimi nadhani ameamua vyema. Kitabuni tunaambiwa taarab inapigwa. Kwenye filamu Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki wa kweli, ndiye Mwajuma, na akiimba hakuna wa kumwelezea mwenzake kwa nini Yasmin hakutaka kurudi kwao. Zile kuta za Mji Mkongwe nazo zinasema mengi kuhusu kubanwa na kujificha. Mwalimu wetu hakubaliani nami hata kidogo. Anasema Mwajuma wa kitabuni ana ucheshi na ukali ambao kamera imeupunguza, na akinyanyua kijiko kuhesabu mifano, rojo linamchuruzika hadi kiwiko. Ndiyo mazungumzo ninayoyapikia hayo.

Filamu nyingine zina masharti yake. *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, ilitokana na kitabu cha mwandishi wa habari wa Marekani Tim Crothers kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mitaa ya Katwe mjini Kampala aliyekuja kuwa bingwa wa sataranji. Robert Katende, aliyewafundisha watoto wale mchezo huo, alikuwa akiwapa uji, na uji ndio uliomvuta Phiona kwa mara ya kwanza. Basi mlangoni kila mgeni napenda kumpa kikombe cha uji, wa ulezi, mwepesi, kabla hajaambiwa sababu. Akimwona mtoto yule kwenye filamu ameshika kikombe chake, ataelewa mwenyewe. Chakula kikubwa kinakuwa rolex za Kampala: chapati zinasukumwa na kuchomwa alasiri, mayai yanakaangwa na kabeji, nyanya na kitunguu, yanaviringishwa ndani ya chapati, kila moja kwenye karatasi yake, zote kwenye hotpoti iliyotandikwa kitambaa. Zinaliwa kwa mkono mmoja, wala hazimwagiki. Hizo ruksa kuliwa filamu ikiendelea.

*The Boy Who Harnessed the Wind* ni habari nyingine. Kitabu cha William Kamkwamba, alichoandika na Bryan Mealer, kilitoka mwaka 2009, na Chiwetel Ejiofor akakitolea filamu mwaka 2019. Ni Malawi ya njaa ya mwaka 2001 hadi 2002: mahindi yamekosekana, karo imekosekana, na kijana aliyetolewa shule anasoma vitabu vya maktaba mpaka anaunda kinu cha upepo kwa baiskeli na vyuma chakavu. Kuna sehemu familia inapanga mlo mmoja tu kwa siku. Kumumunya bisi wakati huo kunanikera, kwa hiyo siku hiyo sebuleni hakuna kitu cha kutafuna, ni maji tu. Mwisho wa filamu tunakula ugali wa mahindi, ambao nao ndio chakula chao cha kila siku, na dagaa na majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Dagaa nimeshawachambua na kuwakaanga mchana, mboga imeshaiva, kazi iliyobaki ni ugali, na ugali unasongwa wakati wengine wananawa. Nimeona watu wanaoacha vyakula kwenye sahani kila siku wakimaliza mpaka tonge la mwisho.

Watoto nao wanadai zamu yao, na kwao nimeona *Charlie and the Chocolate Factory* haikosei. Roald Dahl alikitoa kitabu mwaka 1964, na kuna filamu ya 1971 na ya 2005. Wakubwa hupenda ya kwanza, wadogo ya pili. Watoto wa Dar es Salaam wanafurahi sana kusikia kwamba mwandishi huyo aliishi mji huu huu akifanya kazi katika kampuni ya Shell, kabla ya kwenda kurusha ndege Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Chokoleti ya dukani ni ghali kwa kundi la watoto na inayeyuka kwa joto letu, hivyo ninawatengenezea kashata, nusu nyeupe na nusu zenye unga wa kakao, na nawaambia kakao inalimwa Kyela, hapa hapa Tanzania. Sukari nusu kilo ichemke na nusu kikombe cha maji mpaka ivutike nyuzi ukiigusa kwa vidole viwili, baada ya kupoza tone kwenye kijiko. Tia nazi mbili zilizokunwa na hiliki, koroga bila kuacha mpaka mchanganyiko uanze kuachana na sufuria, kisha nusu yake itie kakao vijiko viwili. Zitandaze kwenye sinia lililopakwa mafuta, na uzikate zikiwa bado vuguvugu. Zikishapoa kabisa hazikatiki, zinavunjika, na hapo ugomvi wa nani kapata kipande kikubwa utakuwa mkubwa kuliko filamu.