Pa Kusomea Penye Sakafu Nyeusi

Wanachama wenzangu, huku kwetu Budalang'i sakafu nyingi ni za udongo uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, ama za simenti iliyotiwa rangi nyekundu. Rangi hizo humeza mwanga badala ya kuurudisha; usiku, koroboi ikiwa ndiyo taa, macho huchoka upesi. Basi anza na ukuta: upake chokaa nyeupe. Meza ikae kando ya dirisha, mwanga utoke kushoto kwako ikiwa waandika kwa mkono wa kulia. Sakafu yenyewe usiihangaikie sana, kwani huficha matope. Ila vitabu, jamani, viweke juu kabisa! Mto Nzoia ulipovunja kingo mwaka 2020 maji yaliingia majumbani, na daftari likilowa kurasa hushikana zisiachane.