Nusu saa baada ya Alfajiri: Tuandike elimu kabla haijazikwa



Ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo walimu wa dini, wahitimu wa vyuo na vijana wetu wengi wanaosoma tunalikwepa. Nalo ni kuandika. Sina maana ya kuandika ujumbe wa simu, huko hatujambo. Katika makundi ya WhatsApp ya misikiti yetu, mtu huyo huyo anayesema hana nafasi ya kuandika ukurasa mmoja wa utafiti anaweza kukesha akibishana kama mwezi umeandama au haujaandama, na ukikusanya aliyoyaandika usiku ule unapata kijitabu. Ninachokusudia ni uandishi wa kitaaluma: mtu ana swali, analitafutia ushahidi, anataja alikoupata, kisha anauweka mbele ya watu waupime.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mtaani kwetu hapa Dar es Salaam palikuwa na maalim mzee aliyesomesha watoto Qur'an kwa zaidi ya miaka arobaini. Alijua kila chuo cha mtaa ule kilianzishwa na nani, kikahamia wapi, na nani alirithi wanafunzi wa nani. Alijua hata wazazi waliokosa ada walilipa nini badala yake. Nilipomaliza chuo kikuu nilimwendea, nikamwambia nataka kuandika makala ya utafiti kuhusu madrasa za mtaa wetu. Alifurahi sana. Alinipa Jumapili tatu, nami nikajaza kurasa tatu na nusu za daftari. Jumapili ya nne tulikubaliana nimwulize habari za walimu wake.

Ikaja mitihani ya kidato cha nne, ikaja ndoa, ukaja usahihishaji. Kila tulipokutana msikitini aliniuliza, "Mwalimu, kile kitabu chetu kimefika wapi?" Nami nikamjibu, "Likizo hii, inshaallah." Namwomba Allah (s.w.) msamaha, maana ile inshaallah yangu haikuwa ya kumtegemea Yeye, ilikuwa ya kujificha. Likizo nne zikapita. Mwezi wa Shaabani maalim akafariki, tukamzika baada ya swala ya Alasiri. Tukiwa njiani kurudi kutoka makaburini, mwanawe mkubwa akanishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, wewe uliandika. Hivi baba alisoma kwa nani?"

Sikuwa na jibu.

Nilijiuliza imekuwaje mtu mwenye shahada ashindwe kuandika makala moja kwa miaka miwili. Jibu nililolipata halikunipendeza. Tasnifu yangu ya chuo niliiandika kwa wiki tatu za mwisho, kwa chai ya rangi na hofu ya tarehe. Mazoezi yote ya darasani niliyafanya hivyo hivyo, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Kumbe chuo hakikunifundisha kuandika, kilinifundisha kukimbia nikifukuzwa. Nilipohitimu, hakuna aliyenifukuza tena, nami nikaketi. Nawajua wenzangu wengi wenye shahada walioketi vivyo hivyo.

Sasa tuwatazame waliotutangulia. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani alianza sherehe yake ya Sahihi Bukhari, Fat-hul Baari, mwaka 817 Hijria, na akaimaliza mwezi wa Rajabu mwaka 842. Hiyo ni miaka 25. Katika muda huo hakuwa mtu asiye na kazi. Alisomesha, na alipewa ukadhi mkuu wa Misri. Lakini kilichonigusa zaidi ni namna alivyofanya. Alianza kwa kuwasomea wanafunzi wakiandika, kisha akawa anaandika mwenyewe kidogo kidogo, na kila wiki palikuwa na siku ya kukutana na wanafunzi. Kilichoandikwa kilisomwa, kikalinganishwa na kujadiliwa. Kitabu kile tunachokiona kimejaa rafu nzima ni wiki juu ya wiki, na kila wiki palikuwa na watu wanaosubiri.

Na tusiende mbali hadi Misri. Makala ambazo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliziandikia karatasi yake ya Sahifa, iliyoanza Mombasa mwaka 1930, ndizo zilizokuja kukusanywa zikawa kitabu cha Uwongozi. Naye Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa shule Zanzibar na kuanzia mwaka 1968 Kadhi Mkuu wa Kenya, tafsiri yake ya Qur'an ilitoka sehemu sehemu hadi ikakamilika mwaka 1969. Sheikh Farsy huyo huyo aliandika kitabu kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, alisomesha wapi, alifariki lini. Mwaka 1989 mwanahistoria Randall Pouwels akakitoa kwa Kiingereza huko Marekani, na leo mtafiti wa taifa lolote akitaka kuandika juu ya masheikh wa pwani hii hukirejea. Kwa sababu mmoja wetu aliandika, majina yale yapo. Maalim wetu wa mtaani hayumo, na mwenye jukumu la kumwandika nilikuwa mimi.

Wapo watakaosema kwamba elimu ya Kiislamu ni ya vifuani na kwamba wazee wetu walihifadhi. Ni kweli walihifadhi. Lakini Abdallah bin Amr bin al-Aas (r.a.) alikuwa akiandika kila alichokisikia kwa Mtume (s.a.w.), na alipokatazwa na baadhi ya Makureshi akaenda kumwuliza Mtume mwenyewe, naye akamwambia aandike. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika madeni. Tukiandika deni la shilingi ili lisipotee, vipi deni la elimu?

Basi nieleze ninavyofanya mimi sasa. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu hata kama ni ndogo. Nilikuwa nikiifundisha Hadith hii darasani kwa habari za sunna na sadaka, sikuwahi kuigeuzia kalamu yangu. Nilipoigeuza, nikajiwekea mistari kumi na mitano kwa siku, basi. Naswali Alfajiri msikitini, narudi, naketi mezani kabla sijawasha simu, na saa kumi na mbili na nusu naondoka kuwahi daladala. Siku nyingine mistari ile ni mizuri, siku nyingi ni mibovu, lakini imo daftarini. Nikipitiwa na usingizi au mtoto akiugua, naandika wakati wa mapumziko shuleni, siku hiyo hiyo. Mtume (s.a.w.) alipokosa swala yake ya usiku kwa maradhi au usingizi aliswali rakaa kumi na mbili mchana. Ila sijaribu kulipa wiki nzima kwa mkupuo. Nilijaribu mara moja, nikaacha kuandika kwa mwezi.

Kabla sijafunga daftari naandika neno moja au mawili la kuanzia kesho yake, mfano "ada za Alhamisi". Ni jambo dogo lakini limeniokoa kuliko ushauri wote niliopewa, kwa sababu nusu saa ya mtu mwenye usingizi huweza kuisha yote akitafuta pa kuanzia. Asubuhi sitafuti rejea. Nikifika mahali nisipo na hakika naweka alama ya kuuliza, napita. Kusoma na kuhakiki ni kazi ya jioni, na hapo kila ninachonukuu nakiandikia papo hapo jina la mwandishi, kitabu, juzuu, ukurasa na mwaka wa chapa. Aliyesoma elimu ya Hadith hapaswi kuona jambo hili geni. Hizo tanbihi tunazozilalamikia chuoni ni jamaa ya isnadi: kasema nani, kapokea kwa nani. Kwa wazee ninaowahoji naandika tarehe, mahali na aliyekuwepo.

Kilichobaki ni mtu wa kukusubiri. Sisi tuko walimu watatu, na tunakutana ofisini kwa walimu kila Alhamisi baada ya vipindi, kila mmoja na ukurasa wake. Mmoja wetu ni dada mwenye watoto wadogo. Yeye Alfajiri haimwezekani kabisa, kwa hiyo huandika Jumanne na Jumamosi usiku watoto wakilala, na amenitangulia. Tunasoma kwa sauti, na wanaosikiliza wana swali moja tu: "Umejuaje?" Swali hilo limeua aya zangu nyingi nilizoziona nzuri. Niliandika kwamba chuo cha mtaa wetu kilianza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Umejuaje? Mzee mmoja kaniambia. Yeye kajuaje? Ikabidi nirudi mtaani. Mzee mwingine akakumbuka kwamba alianza alif pale akiwa na miaka saba, na kitambulisho chake cha taifa kinaonyesha kazaliwa mwaka 1946. Sentensi yangu ikapungua, ikasema tu kwamba kufikia mwaka 1953 hivi chuo kilikuwapo. Imekuwa fupi, tena haina mvuto, lakini naweza kusimama nayo mbele ya mtu yeyote.

Nitakuwa mwongo nikisema kazi hii imerudisha nilichokipoteza. Yapo mambo aliyoyajua maalim ambayo sasa hayajui mtu, na katika kurasa zangu pana sehemu nimeacha wazi. Hata hivyo zimefika kurasa 58. Mwezi uliopita bibi mmoja aliyesoma pamoja na maalim utotoni alinitajia jina la mwalimu wao wa kwanza. Nilimpelekea mwanawe jioni ile ile. Alilirudia mara mbili, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba mzee mwingine ananitajia jina jingine kabisa, na wote wawili wana hakika. Alhamisi wenzangu wataniuliza nimejuaje. Daftarini nimeandika "majina mawili", na kesho baada ya Alfajiri, inshaallah, naanzia hapo.