Fulana za Kikundi: Uliza Kitambaa Kabla ya Kulipa Arubuni

Vikundi vingi hapa Kwale, viwe vya akina mama, vijana, wavuvi au waongoza watalii, hufika wakati vikahitaji fulana, kofia au mifuko yenye jina lao. Vingine huchapisha ili viuze kwa wageni. Na kwa kuwa asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, wapo wanaopata kazi ya kuziletea ofisi za umma bidhaa hizo. Mara nyingi pesa zenyewe ni za mkopo. Mnunuzi akikataa fulana 200 kwa sababu maandishi yamebanduka, mkopo unabaki palepale.

Kosa la kawaida ni kuingia dukani na kuuliza kwanza, "Fulana moja ni pesa ngapi?" Anza na kitambaa. Kama muuzaji hana uhakika, chomoa uzi mmoja kwenye upindo na uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Jibu hilo ndilo litakaloamua njia. Sablimesheni hutumia joto la karibu nyuzi 200 kugeuza rangi kuwa mvuke unaoingia ndani ya poliesta. Haibanduki, na hata ukiipapasa huisikii. Jezi nyingi za kandanda hufanywa hivyo. Lakini pamba haishiki rangi hiyo vizuri, na kwa kuwa haina wino mweupe, haifai kitambaa cheusi. Vikombe navyo lazima viwe vimepakwa utando maalumu. Cha kawaida cha dukani hakitashika. Tena poliesta huleta joto, na anayeshinda juani ufuoni Diani atakuomba pamba.

Kwa pamba na idadi kubwa, skrini bado ndiyo mkombozi. Kila rangi huwa na skrini yake, kwa hiyo nembo ya rangi nne ni ghali kuandaa kuliko ya rangi moja. Tuseme kuandaa skrini ni shilingi 3,000: ukiagiza fulana 10, kila moja inabeba shilingi 300 za maandalizi, ukiagiza 200, ni shilingi 15 tu. Wino unaotumika sana huhitaji joto la karibu nyuzi 160 ili ukomae. Fundi mwenye haraka huupitisha juu juu. Mimi ninayo fulana nyeusi niliyopewa kwenye shughuli fulani. Ilifuliwa mara tatu, herufi zikaanza kupasuka. Siku hizi naivaa nikienda shamba. Leso nazo ni za pamba, lakini rangi yake huingia kwenye uzi wenyewe, ndiyo maana jina la leso huweza kufifia kwa miaka bila kubanduka kama ganda.

Ukitaka fulana chache zenye rangi nyingi au picha, uliza chapa ya filamu, inayobandikwa kwa mashine ya joto. Hushika pamba na poliesta, nyeupe kwa nyeusi, ila huhisiwa kama plastiki kifuani.

Kofia na mashati ya kola yanapendeza yakidariziwa. Bei hufuata wingi wa mishono, si wingi wa rangi, na herufi ndogo sana hazisomeki. Usidarizi fulana nyepesi, itajikunja. Majaketi ya kuokoa maisha, kama yanayovaliwa kwenye boti za Shimoni na Wasini, yasidariziwe wala kupigwa mashine ya joto: sindano hutoboa na joto huharibu sponji ya ndani. Vikapu vya ukindu vishonee kitambaa kilichokwisha dariziwa. Na kabla ya kuagiza chupa za maji za plastiki zenye nembo, kumbuka kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo fuo. Chupa ya chuma iliyochongwa kwa leza itadumu.

Peleka nembo katika faili halisi ya mchoraji. Picha iliyopita WhatsApp mara tano itatoka na ukungu. Kisha lipia sampuli moja kwenye kitambaa kile kile, ifue kwa sabuni mara tatu, ianike juani, uivute kwa mikono. Ikipasuka, tafuta fundi mwingine. Ikistahimili, iweke: ndiyo utakayolinganisha na mzigo siku ya kupokea, kabla ya kumaliza malipo.

Jambo moja la kisheria. Bendera na ngao ya taifa haziwekwi kwenye bidhaa za biashara bila kibali cha maandishi. Zinalindwa na Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99. Nembo ya kaunti nayo iombee idhini kwanza, hata kama fulana ni za mashindano ya kijiji.