Herufi Moja, Maana Moja: Maswali Kuhusu Machaguo ya Mstari wa Amri

*Tunatengeneza programu ya mstari wa amri kwa ajili ya chama cha msingi hapa Mpapura. Amri moja huingiza kilo za korosho, nyingine hutuma taarifa ghala kuu. Je, ni lazima machaguo yake yafanane?*

Ni lazima, kwa sababu mkono ukishazoea hausubiri kusoma maelezo. Tazameni simu zetu: *106# hukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, uwe mtandao wowote, na hakuna anayehitaji kukumbushwa. Git imeteleza hapo. `git push -n` huonyesha kitakachotumwa bila kukituma. `git commit -n` huruka ukaguzi wa awali na kuhifadhi kweli. Karani aliyezoea kwamba `-n` ni kujaribu tu, akiikuta na maana nyingine, atapeleka ghalani kilo ambazo hazijahakikiwa, na anayeumia ni mkulima.

*Tufuate desturi ipi?*

Anzeni na POSIX: chaguo fupi ni kistari na herufi moja, na `--` peke yake huashiria mwisho wa machaguo. GNU iliongeza majina marefu yenye vistari viwili, na inataka kila programu ikubali `--help` na `--version`. Jihadharini na `-v`: kwa `node` huonyesha toleo, kwa `python3` hueleza kila moduli inavyopakiwa. Toleo liitwe `--version`, basi. Herufi ikiwa na kazi tayari, msiipe ya pili. Ndiyo maana `scp` huchagua mlango kwa `-P`, ingawa `ssh` hutumia `-p`: kwa `scp`, `-p` ilikwisha kushika kazi ya kutunza muda wa faili.

*Tunaandika watu wawili. Tutalindaje ulinganifu?*

Machaguo ya pamoja yaandikwe mahali pamoja, kila amri iyarithi. Kwenye Python, `argparse` ina `parents` kwa kazi hiyo. Kisha wekeni jaribio linalopitia amri zote na kugoma likikuta herufi moja yenye maana mbili.

*Tulishakosea, na makarani wanaitumia. Tubadilishe?*

Badilisheni taratibu. Chaguo jipya liongezwe, la zamani liendelee kufanya kazi huku likitoa onyo, hadi toleo kuu lijalo. Herufi iliyostaafishwa msiipe kazi nyingine haraka: amri iliyokataliwa karani ataiona papo hapo, lakini iliyobadilika maana kimyakimya itaharibu hesabu za msimu mzima.