Mkanda wa Taiming na Pampu ya Maji: Mdogo Wangu, Badilisha Vyote kwa Pamoja

Wiki hii nimeletewa swali na mdogo wangu wa Tabata, na kwa kuwa najua wengi mna gari kama lake, nalijibu mbele ya wote. Anaandika hivi:

“Dada, shikamoo. Nimenunua RAV4 ya zamani, ile tunayoiita Kilitime. Fundi wa mtaani amesema mkanda wa taiming ubadilishwe, ila pampu ya maji bado nzima, tuiache. Kaka yangu ana spana zake na mikono yake ni mizuri, anasema tufanye wenyewe nyumbani Jumamosi. Tunaweza? Na pampu kweli tuiache?”

Marahaba, mdogo wangu, na hongera ya gari. Mnaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani, na pampu msiiache. Ila Jumamosi moja haiwatoshi. Tengeni siku mbili, na Jumatatu jiandae kwenda kazini kwa daladala. Anayefunga taiming huku anatazama saa ndiye anayekosea alama.

Kwanza fungua boneti utafute stika. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na mafundi wa kule wana desturi nzuri: wakibadilisha mkanda wa taiming, wanabandika stika kwenye chumba cha injini yenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu unazisoma. Ukikuta mwaka umeandikwa 18, usidhani ni 2018. Hiyo ni hesabu yao ya enzi ya Heisei. Jumlisha 1988, utapata 2006. Kama stika haipo na aliyekuuzia hana kumbukumbu yoyote, chukulia kwamba mkanda huo haujawahi kubadilishwa. Usitegemee kilomita za dashibodi, maana huwa zinarudishwa nyuma.

Mkanda wa aina hii kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. RAV4 za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 1994 na 2000, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekula miaka mingi ya joto la injini. Gari kutembea kidogo hakuufanyi mkanda kuwa kijana.

Sasa uelewe unachokwenda kukishika. Injini ya Kilitime nyingi ni 3S-FE. Chini kuna krankishafti inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kamshafti zinazofungua na kufunga valvu. Kinachoziunganisha ni mkanda huo mmoja wa mpira wenye meno, na kazi yake ni kuhakikisha kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti imezunguka mara moja, bila kupishana hata jino. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde. Mkanda ukikatika barabarani, hakuna dalili ya kukuaga: injini inazima papo hapo, hata kama uko katikati ya makutano na lori liko nyuma yako.

Nakuruhusu uifanye nyumbani kwa sababu moja: 3S-FE inasamehe. Mkanda ukikatika au ukikosea jino, pistoni na valvu hazigongani. Gari litagoma au litatetemeka, utafungua urekebishe. Subaru nyingi zenye injini ya EJ20, na dizeli kama 1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf, hazina huruma hiyo. Zenyewe zinapinda valvu, na bili yake inaweza kukufanya uuze gari. Mwenye gari la namna hiyo nakuomba kama dada yako: mpelekee fundi anayeifahamu injini hiyo, ukae pale uangalie kazi. Wenye IST, Vitz na Probox tulieni, injini zenu zina cheni.

Tuje kwenye pampu. Kwenye 3S-FE, pampu ya maji imekaa nyuma ya makava yale yale ya taiming, na inazungushwa na mkanda ule ule. Ili uifikie, lazima ufungue kila kitu ulichofungua kwa ajili ya mkanda. Beringi yake ikikwama, inanyoa meno ya mkanda mpya. Sili yake ikichoka, kulanti inaulowesha mkanda mpya. Kwa hiyo “pampu bado nzima” ni kauli ya leo, na wewe unafunga kitu cha kilomita 100,000.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limenikuta. Nilikuwa na gari lenye injini hiyo hiyo. Fundi akaniambia pampu haina shida, nikaona nimeokoa hela, nikaweka mkanda peke yake. Haikupita hata miezi minane. Nikiwa natoka Morogoro, karibu na Chalinze, mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliposimama, maji yalikuwa yanachuruzika upande wa mkanda. Nilivutwa, nikanunua pampu niliyoikataa, nikanunua mkanda wa pili kwa kuwa wa kwanza ulishalowa, na nikalipa ufundi mara ya pili. Hela niliyookoa iliniishia siku hiyo hiyo.

Na huku kwetu pampu zina adui mwingine. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na wengi tunayamimina kwenye rejeta kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Chumvi inakula chuma, inakula sili. Ukiitoa pampu ya zamani, igeuze utazame kitundu kidogo kilicho kwenye mwili wake. Pampu nzima, kitundu ni kikavu. Iliyoanza kuchoka ina michirizi iliyokauka, myekundu au ya kijani kufuatana na kulanti iliyotumika, au ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Hiyo ni barua ya kuaga.

Kwenye manunuzi, usiende kwenye maduka ya spea ya Gerezani na jina la gari tu. Nenda na namba ya chesisi na injini, na ukiweza nenda na spea ya zamani mkononi. Nunua mkanda, pampu na gasketi yake, tenshena na aidla, themostati, na oili sili za kranki, kamshafti na pampu ya oili. Sili hizo ni za bei ndogo, lakini ziko nyuma ya kazi kubwa. Oili ikivuja inauozesha mkanda. Chukua pia kulanti na maji yaliyosafishwa ya kuchanganyia. Zungusha tenshena kwa kidole hapo hapo dukani: izunguke laini, bila kukwaruza wala kucheza. Mkanda usiukunje wala kuufunga kwa kamba, nyuzi za ndani zinavunjika bila wewe kuona.

Spana za kawaida kaka yako anazo. Aongeze soketi ya milimita 19 kwa ajili ya bolti ya puli ya kranki, na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Bolti hiyo ya kranki ndiyo inayowashinda wengi. Kuna wanaoegemeza spana chini halafu wanapiga stata ili ilegee. Msifanye hivyo, spana inaweza kuruka ikavunja mkono. Siku moja kabla, pitisha gari gereji yenye bunduki ya upepo, wailegeze na kuikaza tena kwa kipimo, urudi nalo nyumbani.

Siku yenyewe, gari liwe limelala usiku kucha, injini baridi, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Chomoa waya hasi wa betri. Nyanyua mbele, kisha lilaze kwenye stendi imara. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Sitaki kusikia mtu ameingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekewa matofali. Mwaga kulanti kwenye beseni lenye mfuniko. Ina ladha tamu na ni sumu. Mtoto au paka akiionja ni msiba.

Toa gurudumu la mbele kulia, toa kava la plastiki la ndani ya bodi, legeza mikanda ya nje. Egemeza injini kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake, ndipo ufungue maunti ya upande huo. Kila ukifungua bolti, iweke kwenye kopo lake na ulibandike jina. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu na baada ya kukigusa.

Sasa tulia, tumefika kwenye roho ya kazi. Kabla ya kuuvua mkanda wa zamani, toa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi. Weka spana kwenye bolti ya kranki, zungusha taratibu kufuata saa, wala usirudi nyuma, mpaka kijialama cha puli kikae kwenye sifuri ya kava la chini. Kisha tazama juu: kitundu cha puli ya kamshafti kikae sawa na alama iliyo nyuma yake. Kama kiko upande wa pili, zungusha kranki mara moja tena. Hapo silinda ya kwanza iko juu kabisa. Chukua rangi nyeupe ya kucha, tia nukta kwenye kila alama, maana mwanga wa humo ndani ni mdogo na uchafu ni mwingi. Ndipo ulegeze tenshena na kuutoa mkanda.

Mkanda ukishatoka, kamshafti na kranki zisiguswe ovyo. Toa pampu, kisha kwangua uso wa bloku mpaka mabaki ya gasketi yaishe kabisa. Kidole kipite bila kukwama. Usikwangue kwa bisibisi ya chuma, uso unachimbika na pampu mpya itavuja. Bolti za pampu ni ndogo: kaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu. Mwenye nguvu nyingi ndiye anayezikata.

Funga mkanda mpya ukianzia chini kwenye kranki, ukiuvuta usilegee upande usio na tenshena. Acha tenshena iusukume mkanda kwa springi yake. Kisha zungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya kranki, taratibu, urudi pale pale. Alama zote zikirudi mahali pake, kaza tenshena. Ikipishana hata jino moja, vua uanze upya. Kama spana imegota katikati ya mzunguko, simama utafute sababu, usilazimishe. Kuna atakayekwambia “washa tu, tutasikia.” Mkatalie, hata akiwa kaka yako. Mizunguko hiyo miwili ya mkono ndiyo inayotofautisha kazi iliyofanywa na kazi iliyobahatishwa. Mkimaliza, bolti ya kranki ikazwe kwa toki renchi. Kwa 3S-FE ni nyutoni mita 108.

Kulanti imiminwe polepole, hita ikiwa kwenye moto, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Mapovu yatatoka, ongeza mpaka yaishe. Themostati irudi mahali pake. Mafundi wengi huku kwetu wanaitoa wakidhani wanaisaidia injini ya nchi ya joto. Injini haikuundwa kufanya kazi ikiwa baridi: inakula mafuta zaidi na inachakaa haraka. Siku za kwanza tembea karibu na nyumbani, tazama mshale wa joto na sakafu pale ulipolaza gari. Na kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Mdogo wangu, mkifika kwenye alama mkaona hamna uhakika, acheni hapo hapo, mkamwite fundi aje nyumbani awaangalizie. Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hakasiriki kuitwa na mtu aliyeiheshimu kazi yake.

Ukimaliza, chukua kipande cha karatasi, andika kwa Kiswahili: “Mkanda wa taiming na pampu ya maji vimebadilishwa,” weka tarehe na kilomita, kifunike kwa selotepu ya plastiki, ukibandike ndani ya boneti. Siku utakapoliuza gari, atakayelinunua atajua alipoanzia. Na ninyi wengine mnaosoma, kabla jua halijazama leo, nendeni mkafungue boneti mtafute stika yenu.